LUTENI ARTHUR ASHE: MWANAJESHI ALIYEITAWALA NAFSI YAKE

Askari na mwanamichezo ni ndugu wa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Wote wawili huamka alfajiri, hurudia zoezi lile lile mara mia, na hupimwa kwa saa chache ambazo hawakuzichagua wao. Hapa Rwanda jambo hili halihitaji ushahidi mrefu, kwani timu za APR na Police zimekwisha kulithibitisha katika viwanja vya kandanda. Lakini huenda askari aliye zamu huku Rusizi, ambako wazee wangali wanakuita Cyangugu, akiziangalia taa za Bukavu ng'ambo ya mto, hajapata kusikia habari za mchezaji mmoja wa tenisi aliyetwaa ubingwa mkubwa hali angali luteni wa jeshi. Mtu huyo ni Arthur Ashe wa Marekani, na maisha yake ndiyo tunayoyasimulia leo.

Tenisi haijaenea huku kwetu kama kandanda. Hata hivyo, mwaka 2024 mji wa Kigali ulianza kupokea mashindano ya wanaume wa kulipwa ya ngazi ya Challenger, yaliyo chini ya chama kiitwacho ATP. Chama hicho kiliundwa na wachezaji wenyewe mwaka 1972, na Ashe alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kwa hiyo kijana wa Kiafrika anayeingia uwanjani Kigali kuwania nusu fainali anapita katika njia ambayo luteni huyo alishiriki kuifyeka.

MTOTO WA MLINZI WA UWANJA

Arthur Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Virginia ya siku hizo ilikuwa nchi ya ubaguzi wa rangi uliowekwa kwa sheria. Mtoto mweusi alikuwa na shule yake, kiti chake ndani ya basi na kiwanja chake cha michezo, na ole wake aliyethubutu kuvuka mpaka huo.

Baba yake, aliyeitwa pia Arthur, alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi, tena alikuwa amepewa madaraka ya askari polisi maalum wa mahali hapo. Familia iliishi ndani ya bustani hiyo hiyo, na viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950, na mtoto alikuwa hajatimiza miaka 7. Mzee Ashe akabaki na watoto wawili wa kiume, Arthur na mdogo wake Johnnie, akawalea kwa mkono usiolegea. Kijana alipotoka shule alipaswa kufika nyumbani kwa muda uliopimwa. Kuchelewa hakukuwa na udhuru. Wengi wangeuita ukali huo ukatili. Lakini mzee yule alijua kwamba katika mji ule kosa dogo la kijana mweusi lingeweza kumgharimu maisha, na nidhamu ndiyo ngao pekee aliyokuwa na uwezo wa kumpa mwanawe.

Kijana mmoja wa chuo, Ron Charity, ndiye aliyemfundisha Arthur kushika raketi. Alipoona kwamba mtoto anamzidi kimo, alimpeleka Lynchburg kwa Daktari Robert Walter Johnson. Johnson alikuwa tabibu mweusi aliyewapokea vijana nyumbani kwake kila likizo ya kiangazi na kuwafundisha tenisi kwa gharama zake. Ni yeye aliyemsaidia Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon.

Mafunzo ya daktari huyo yalifanana na ya kambini. Kijana hakuruhusiwa kubishana na mwamuzi wala kutupa raketi kwa hasira. Hata mpira wa adui ulioanguka nje kidogo ya mstari, alitakiwa kuuhesabu kuwa umeingia na kuucheza. Sababu yake ilikuwa wazi. Daktari alikuwa akiwaandaa vijana weusi kuingia katika viwanja vya wazungu, na alifahamu kwamba wenyeji wangetafuta kisingizio chochote cha kuwafukuza. Hakutaka kisingizio hicho kitoke kwa vijana wake. Basi Arthur alijifunza kuuficha moyo wake nyuma ya uso mtulivu, na uso huo hakuuvua mpaka kufa kwake.

CHUO NA KOMBATI

Bidii hiyo ilimpatia nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1963 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuteuliwa katika timu ya Marekani ya Kombe la Davis, ambalo ni shindano la mataifa. Mwaka 1965 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya nchi nzima, na mwaka 1966 akahitimu shahada ya uongozi wa biashara. Wakati wa masomo alikuwa amefuata pia mafunzo ya uofisa, hivyo mwaka huo huo akaingia jeshini.

Alipangiwa kazi West Point, chuo mashuhuri cha maofisa wa jeshi la Marekani. Huko alishughulika na kazi za takwimu ofisini na kusaidia kuwafundisha wanafunzi tenisi. Ilikuwa kazi ya salama, na yeye mwenyewe alilijua hilo, kwa maana vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto na vijana wa rika lake walikuwa wakirudishwa ndani ya majeneza.

Hapa yatupasa kumtaja Johnnie, mdogo wake. Johnnie alikuwa askari wa kikosi cha Marine, na alikuwa amekwisha kutumikia zamu yake Vietnam. Desturi ya jeshi ilikuwa kutowapeleka ndugu wawili kwenye uwanja wa vita kwa wakati mmoja. Johnnie alipiga hesabu, akaona kwamba akirudi nyumbani huenda kaka yake akapelekwa vitani. Basi aliomba kwa hiari yake mwenyewe arudie zamu ya pili. Kaka hakuombwa ruhusa wala hakuarifiwa. Kwa hiyo kila tunaposoma habari za ushindi wa Arthur katika mwaka 1968, tukumbuke kwamba nyuma yake kulikuwa na askari mwingine, asiyepigiwa makofi na mtu.

NUSU FAINALI YA FOREST HILLS

Mpaka mwanzoni mwa 1968 mashindano makubwa ya tenisi yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Wa kulipwa walifungiwa nje. Mwaka huo ndipo milango ilipofunguliwa kwa wote, na ubingwa wa wazi wa Marekani ukachezwa kwa mara ya kwanza huko Forest Hills, New York. Luteni Ashe alikwenda akiwa bado mchezaji wa ridhaa, kwa sababu alikuwa ofisa aliye kazini na alitaka kuendelea kuichezea nchi yake Kombe la Davis. Wachezaji bora wa kulipwa wa dunia nzima walikuwa wakimngojea.

Alimtoa Roy Emerson wa Australia, kisha katika robo fainali akamtoa Cliff Drysdale wa Afrika Kusini. Nusu fainali ikamkutanisha na Mmarekani mwenzake, Clark Graebner.

Wapenzi wa mchezo wanaijua siri ya nusu fainali. Anayefika fainali, hata akishindwa, jina lake hubaki vitabuni. Anayetolewa katika nusu fainali amefanya kazi karibu yote, na hupata karibu bure. Ndiyo maana katika hatua hiyo wengi hutetemeka mkono. Ashe mwenyewe aliujua uchungu huo, kwani miezi miwili tu kabla alikuwa ametolewa katika nusu fainali ya Wimbledon na Rod Laver kwa seti tatu mfululizo.

Graebner alikuwa mtu wa nguvu, aliyepiga mpira wa kuanzia kama risasi. Walikuwa wamefahamiana tangu utoto katika mashindano ya vijana, na sasa walikuwa katika timu moja ya taifa. Mmoja alikuwa mwana wa daktari wa meno, aliyekulia katika neema; mwingine alikuwa mwana wa mlinzi wa bustani. Kila mmoja alizijua mbinu za mwenzake kama ajuavyo njia ya kwao.

Seti ya kwanza ilikwenda kwa Graebner, 6-4. Ya pili ilivutana mpaka Ashe akaitwaa 8-6. Ya tatu akaichukua 7-5, na ya nne, mpinzani akiwa amevunjika moyo, ikaishia 6-2. Ukizitazama hesabu hizo utaona jinsi zinavyoteremka. Ashe hakumvunja adui kwa pigo moja. Alivumilia kipindi kibaya pasipo kukunja uso, akangoja nafasi, na ilipokuja hakuiachia.

Fainali ilichezwa tarehe 9 Septemba 1968 dhidi ya Tom Okker wa Uholanzi, aliyemtoa bingwa mkongwe Ken Rosewall katika nusu fainali ya pili. Siku hizo seti haikuwa na njia ya mkato, mlichezana mpaka mmoja amzidi mwenziwe kwa michezo miwili. Seti ya kwanza peke yake ilikwenda 14-12. Baada ya seti tano Ashe alikuwa mshindi: 14-12, 5-7, 6-3, 3-6, 6-3. Mara 26 alipiga mpira wa kuanzia ambao mwenzake hakuweza kuugusa. Mzee Ashe, yule askari wa Brook Field asiyejua kulegea, aliteremka uwanjani kumkumbatia mwanawe, na machozi yakamtoka mbele ya umati.

Zawadi ya fedha ilikuwa dola 14,000. Luteni hakupata hata senti moja ya fedha hizo, kwa kuwa alikuwa wa ridhaa. Alilipwa posho ya dola 20 kwa siku. Dola 14,000 zikaenda kwa Okker aliyeshindwa. Hakulalamika. Alirudi kazini West Point, na mwezi Desemba alikuwa Adelaide pamoja na yule yule Graebner, wakivaa jezi moja, wakairudisha Marekani Kombe la Davis kwa kuwashinda Waaustralia 4-1. Mahasimu wa Septemba walikuwa makamaradi wa Desemba.

MGUU WAKE KATIKA AFRIKA

Aliliacha jeshi mwaka 1969 na kuingia katika tenisi ya kulipwa. Mwanzoni mwa 1970 akawa bingwa wa Australia. Mwaka huo huo yeye na Stan Smith walizuru Kenya, Tanzania, Uganda, Zambia na nchi nyingine za Afrika, wakicheza michezo ya maonyesho na kuzungumza na vijana. Mwaka 1971 alirudi tena barani, na mjini Yaoundé, Kamerun, akacheza mipira kadhaa na mtoto wa miaka 11 aitwaye Yannick Noah. Aliona mara moja kwamba mtoto huyo ana kipaji, akawasiliana na mkuu wa tenisi wa Ufaransa, Philippe Chatrier, na Noah akapelekwa Nice kusoma na kufanya mazoezi. Mwaka 1983 Noah alikuwa bingwa wa Ufaransa pale Roland-Garros. Jicho la mchezaji mmoja aliyepita njiani lilizaa bingwa mzima.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa Afrika Kusini. Serikali ya makaburu ilimnyima Ashe ruhusa ya kuingia mara kwa mara kwa sababu ya rangi yake na maneno yake. Naye hakuchoka kudai kwamba nchi hiyo itengwe, na mwaka 1970 ikatolewa katika Kombe la Davis. Hatimaye mwaka 1973 alipewa ruhusa. Alitoa sharti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi katika viti. Mjini Johannesburg alimshinda Drysdale, mwenyeji, katika nusu fainali, akashindwa na Jimmy Connors katika fainali, kisha akatwaa ubingwa wa wachezaji wawili wawili pamoja na Okker, yule yule wa Forest Hills.

Safari hiyo haikupendwa na wote. Wapigania uhuru wengi walimlaumu kwamba kwenda kwake kuliwapa makaburu sifa wasiyostahili. Vijana weusi wa Afrika Kusini, kwa upande mwingine, walimfuata uwanjani kwa mshangao, kwani hawakuwa wamepata kumwona mtu mweusi aliye huru akitembea kifua mbele miongoni mwa wazungu. Baadaye Ashe mwenyewe alikubali kwamba kuitenga nchi ile kabisa ndiyo njia iliyo bora, akaungana na Harry Belafonte mwaka 1983 katika kuwahamasisha wasanii na wanamichezo wasikanyage huko.

Mwezi Januari 1985 alikamatwa na polisi mjini Washington katika maandamano mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini. Mwana huyu wa askari polisi hakushindana na waliomkamata. Alijua kwamba askari aliye mbele yake yuko kazini, na kwamba shabaha yake ni sheria mbovu ya nchi ya mbali, si mtu mwenye pingu. Mandela alipotoka gerezani mwaka 1990, Ashe alikuwa mmoja wa Wamarekani aliotamani kuonana nao, na wakaonana.

AKILI DHIDI YA NGUVU

Turudi nyuma kidogo, kwenye Wimbledon ya mwaka 1975, kwa maana hapo ndipo penye funzo kubwa kwa mtu yeyote anayebeba silaha. Ashe alikuwa na umri mkubwa kwa mchezaji, akikaribia kutimiza miaka 32. Katika robo fainali alimshinda kijana Björn Borg. Katika nusu fainali Tony Roche wa Australia alimburuta mpaka seti ya tano: 5-7, 6-4, 7-5, 8-9, 6-4. Seti ya nne ilipomponyoka kwa tofauti ya mchezo mmoja, mwingine angekata tamaa. Yeye aliketi, akapumua, akarudi kuimaliza kazi.

Upande wa pili Connors, bingwa mtetezi, aliteleza mpaka fainali bila kupoteza hata seti moja. Kila mtu alitabiri kwamba Ashe angefagiliwa. Silaha ya Connors ilikuwa kuupokea mpira wa nguvu na kuurudisha kwa nguvu zaidi. Ashe, ambaye maisha yake yote alipiga kwa nguvu, akaamua kuiacha nguvu yake. Alipiga mipira laini, ya chini, iliyokosa kasi, akamnyima adui moto wa kuuchochea. Kila walipopumzika alifumba macho na kukaa kimya. Seti mbili za kwanza zilikwisha 6-1, 6-1. Connors akazinduka na kuchukua ya tatu 7-5, lakini Ashe hakuurudia mchezo wake wa zamani kwa hofu. Alishika mpango wake na kumaliza 6-4. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon.

ADUI ASIYEONEKANA

Mwaka 1979 alipatwa na ugonjwa wa moyo, akapasuliwa, na mwaka 1980 akaacha kucheza. Akiwa nahodha asiyecheza aliiongoza Marekani kutwaa Kombe la Davis mwaka 1981 na 1982. Mwaka 1983 alipasuliwa moyo tena, na damu aliyoongezewa ilikuwa na virusi vya UKIMWI, katika siku ambazo damu ilikuwa bado haipimwi. Aligundua mwaka 1988. Mwaka huo huo alikuwa amechapisha historia ya wanamichezo weusi wa Marekani katika majuzuu matatu.

Aliificha habari hiyo kwa ajili ya mkewe Jeanne na binti yao mdogo Camera. Gazeti moja lilipoanza kuchunguza, tarehe 8 Aprili 1992 alisimama mwenyewe mbele ya waandishi na kutangaza. Miezi iliyobaki hakuitumia kujisikitikia. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, akawafundisha watu kwamba mgonjwa si mtu wa kukimbiwa, na Septemba mwaka huo, mwili ukiwa umekwisha kudhoofu, akakamatwa tena Washington katika maandamano ya kuwatetea wakimbizi wa Haiti.

Alifariki tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49. Mwili wake uliwekwa katika makao ya gavana wa Virginia mjini Richmond ili wananchi wauage, katika mji ule ule ambao ulimfukuza mtoto mweusi kwenye viwanja vyake. Leo uwanja mkuu wa ubingwa wa Marekani huko New York unaitwa kwa jina lake.

Nidhamu ya Arthur Ashe haikuwa ya kuinamisha kichwa. Alinyamaza pale ambapo kelele zingemsaidia adui, na alisema pale ambapo kunyamaza kungekuwa woga. Askari wetu wanaolinda mpaka wa Rusizi, barabara na masoko ya Kamembe wamepewa nguvu na taifa, na kuwa na nguvu si jambo gumu. Lililo gumu ni kujua lini uiweke chini, kama alivyofanya luteni huyu siku ile ya Wimbledon, na bado ukaondoka uwanjani u mshindi.